Jirani Anayegeuza Samaki kwa Mkono wa Kushoto

Ubundu, Jumapili 3 Machi 1963

Mdogo wangu mpendwa Lukumani,

Salamu nyingi zikufikie wewe, mkeo Aziza na wote wa nyumba yenu ya Tshopo. Ukitaka kujua hali zetu, sisi wote ni wazima, na mimi dada yako sijambo kabisa. Idi tumeila vizuri. Nilipika pilau ya kuku wawili, Safi akatwanga lituma ya ndizi kwa majirani wasiopenda wali, na hakuna aliyeondoka na njaa. Wewe uliahidi kuja. Nilikuwekea mguu wa kuku mpaka siku ya pili, kisha nikaula mwenyewe kwa hasira.

Habari kubwa ni kwamba binti yangu Safi ameposwa. Mchumba ni Daudi, yule karani wa bandari, mtu wa swala zake na maneno machache. Ndoa tumeiweka Ijumaa tarehe 10 Mei, wiki moja baada ya Idi ya kuchinja. Wewe ndiwe utakayesimama mahali pa baba yake, maana marehemu mume wangu hana ndugu tena huku. Kwa hiyo mwaka huu usinitajie kazi ya hospitali.

Maji ya mto yameshuka na samaki ni wengi. Tunabanika kutwa nzima, Zaina kwenye tanuri la kwanza kwa sababu yeye ndiye mkubwa wetu, na mimi la pili. Treni inaondoka hapa Jumanne na Ijumaa kama zamani. Barua hii anakuletea Arthur, mkaguzi wa tiketi, kwa sababu watu wa posta wanakazana kuandika Ponthierville, jina la wazungu, na mimi siishi huko, naishi Ubundu.

Sasa kuna neno dogo. Jirani yangu mmoja, mwanamke wa makamo, akipanda kutoka mtoni na kikapu cha samaki kifua kinambana hapa katikati. Akikaa, kinaachia. Sisi tunajua ni moshi. Zaina amempa mafuta ya mawese ya moto na chumvi kidogo, kijiko asubuhi na kijiko jioni, kama tunavyokunywa wote wa matanuri, maana mafuta yanaosha moshi kifuani. Lakini safari hii mafuta yamechelewa kuosha. Anauliza kama nyinyi wa hospitali mna sindano ya moshi. Si jambo la haraka.

La mwisho nimekuuliza mara nyingi, na leo nauliza tena. Papa, baba yetu, alipofariki reli ilikuwa imefungwa na sikumzika. Uliniandikia mstari mmoja tu, kwamba alilala, hakuumwa. Namshukuru Mungu kama alikwenda bila maumivu. Lakini hata mtu anayelala husema neno kabla ya kulala. Papa alisema nini?

Ni mimi dada yako,
Madina


Kisangani, Alhamisi 14 Machi 1963

Yaya Madina,

Nakusalimu kwa heshima, dada yangu mkubwa, wewe na Safi bibi harusi wetu. Barua imefika pamoja na samaki. Arthur anasema ulituma sita. Mimi nimepokea watano, na mdomo wake ulikuwa unang'aa mafuta. Hapa wote wazima. Aziza amekwisha kuchagua kitenge cha harusi, cha kijani, na hakuna wa kumgeuza. Umeme wa maporomoko ulikatika siku tatu, tukarudia taa ya mafuta, na mke wangu akasema kumbe bado mimi ni kijana kidogo gizani.

Hospitali tumepata daktari mpya, Mhaiti. Ni mtu mweusi kama sisi, lakini kwa kuwa anakimbiza Kifaransa, wagonjwa wanamwita muzungu, naye anacheka. Ananifundisha mambo mengi. Nafurahi kazini kuliko miaka hii yote iliyopita.

Kuhusu jirani yako, sindano ya moshi hakuna. Na kusema kweli, hayo maneno ya kubanwa katikati siyapendi. Muulize kama maumivu yanakaa pale pale kifuani au yanakwenda mkononi, shingoni, kwenye taya, mgongoni. Muulize kama anatoka jasho, kama anasikia kichefuchefu, kama pumzi inakuwa fupi. Yanadumu muda gani? Yanamjia akitembea tu au hata akiwa amekaa? Umri wake? Na wazazi wake, je, kuna aliyewahi kuugua hivyo? Nijibu kwa treni ya kwanza, na kwa sasa mwambie aache kubeba vikapu.

Kaburi la papa tulilisafisha kabla ya Idi. Jiwe limekaa vizuri na majani yameondolewa.

Harusini nitakuja, hata kwa miguu.

Mdogo wako,
Lukumani


Ubundu, Jumanne 2 Aprili 1963

Mdogo wangu Lukumani,

Salamu kwako na kwa Aziza mwenye kitenge cha kijani. Sisi hatujambo, mimi sijambo. Usinikasirikie kwa kuchelewa. Treni nne zimepita nikiziangalia, kwa sababu kazi ni nyingi na mikono ni ile ile. Safi anashona mito, Daudi analeta mbao za kitanda, na kila anayepita anataka kujua atakula nini siku hiyo.

Jirani nimemuuliza yote. Anasema mkono anaogeuzia samaki, wa kushoto, unakuwa mzito mpaka kidole cha mwisho. Lakini hilo linaeleweka, nani asiyechoka mkono kwa kugeuza samaki tangu asubuhi? Taya nayo inauma chini, upande wa nyuma, kama jino, ingawa jino lenyewe aling'olewa mwaka jana. Jasho lipo, na nani hatoki jasho mbele ya tanuri? Ila hilo anasema ni la baridi. Zamani ilikuwa akipanda mlima tu. Siku hizi hata akifagia. Akikaa kidogo kunapita.

Umri ni miaka arobaini na minane. Na kwao hakuna ugonjwa wa kifua kabisa, baba yake alikufa usingizini bila maumivu yoyote. Kwa hiyo nimemwambia asiwe na wasiwasi.

Kuja huko hawezi. Ana harusi ya mtoto. Wakijua anaumwa, upande wa bwana harusi wataanza kunong'ona, na wenzake wa matanuri watampa mwingine nafasi yake. Basi usimsumbue.

Umeniandikia habari za jiwe la papa. Mimi sikuuliza jiwe.

Dada yako,
Madina


Kisangani, Alhamisi 4 Aprili 1963

Yaya,

Salamu. Wote wazima.

Matanuri yote ya Ubundu nayajua. Mwanamke anayegeuza samaki kwa mkono wa kushoto ni mmoja tu. Mama alimfunga mkono huo kwa kitambaa alipokuwa na miaka sita ili ajifunze kula kwa kulia. Kula alijifunza, kazi nyingine zote zikabaki kushoto. Na lile jino la nyuma nililing'oa mimi mwenyewe, Agosti iliyopita, na aliniuma kidole.

Nimemtafsiria daktari barua yako yote. Akaniambia nikuandikie hivi. Huo si moshi, ni moyo. Mishipa inayoulisha moyo damu imekuwa myembamba, ndiyo maana ukiufanyisha kazi unalalamika na ukikaa unanyamaza. Mpaka sasa unakuonya. Lakini ikifika siku kifua kinakubana ukiwa umekaa tu, na robo saa imepita hakijaachia, hapo hakuna onyo tena: kipande cha moyo kinakufa, na kila unavyongoja ndivyo kinavyozidi.

Nilimwomba vidonge nikutumie. Akasema, "Sitoi dawa kwa jirani wa barua. Aje mwenyewe."

Panda treni ya kesho. Nitakungoja ng'ambo, upande wa gare, pale treni inaposimama, na nimekwisha kusema na mwenye mtumbwi wa kutuvusha. Harusi ni Mei, leo ni Aprili, utapimwa na utarudi. Nakuomba.

Lukumani


Kisangani, Jumapili 28 Aprili 1963

Yaya Madina,

Nakusalimu, na namsalimu Safi.

Treni ile ya Ijumaa nilikuja kuipokea. Nikaja ya Jumanne, nikaja ya Ijumaa nyingine. Nimeangalia uso wa kila mwanamke anayeshuka na kikapu mpaka mmoja akaniuliza kama natafuta mke wa pili. Arthur ananiambia maneno yako: "Mwambie kisha harusi." Barua hukuandika. Basi nitaandika mimi, na nitaandika kile ulichoniuliza miaka miwili.

Papa hakulala tu.

Ilikuwa Ramadhani ya mwaka 1961. Uhuru ulikuwa na miezi minane. Madaktari wazungu walikuwa wameondoka tangu Julai, na mimi, infirmier, muuguzi wa kubeba sinia za sindano, nilipewa funguo za salle, wodi nzima ya wanaume. Unakumbuka nilivyokuandikia kwa majivuno. Dawa hazikuwa zinafika, lakini funguo nilikuwa nazo, na nilitembea nazo mpaka sokoni.

Tulikuwa tunafuturu. Papa alikunywa uji, akamega muhogo, akaweka mkono kifuani. Akasema, "Lukumani, iko kama mutu ananikalia kwa kifua." Paji lake lilikuwa na jasho, nikaligusa, likawa la baridi. Nikamwambia, "Papa, ile iko gazi tu. Umekula mbio." Nikamkorogea bikaboneti kwenye kikombe. Akanywa kwa sababu mimi ndiye niliyemwambia.

Kulikuwa na daktari mmoja mgeni aliyeletwa na Umoja wa Mataifa. Nyumba yake ilikuwa dakika kumi kwa baiskeli. Yaya, nilimfikiria. Usidhani sikumfikiria. Lakini nilijiona nikibisha mlango wa muzungu, mimi mwenye funguo, kumwambia baba yangu ana gesi. Nilitaka waone kwamba tunaweza bila wao. Sikuipanda baiskeli.

Asubuhi nilimkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, hakulala. Alisema amechoka tu. Nikamuuliza kama nibaki, akanijibu, "Enda kwa kazi yako. Wagonjwa wanakungojea." Nikaenda. Nilihudumia watu thelathini siku ile, na saa sita mchana Aziza akanitumia mtu. Nilipofika alikuwa amekwisha kwenda.

Hayo ndiyo aliyosema. Nimeyaficha kwa sababu yananihukumu. Nilikuandikia kwamba alilala ili wewe usiumie, au ili mimi nisiulizwe, sijui tena. Lakini uliponiandikia kwamba kwetu hakuna ugonjwa wa kifua kwa kuwa baba alikufa bila maumivu, niliitupa barua chini. Ni uongo wangu huo unaoutegemea. Papa aliumwa karibu saa kumi na nane, katika nyumba ya mtu wa hospitali.

Ukinichukia ni haki yako. Ila nichukie ukiwa hapa, kitandani, daktari akikusikiliza kifua.

Kama hutaki kuja kabla ya harusi, basi shika haya. Kikikubana na hakiachii, kaa, egemea kitu, usitembee, usibebe hata sahani. Usinywe mafuta. Usingoje treni. Kasongo, chef de gare wenu, mkuu wa kituo, ana simu ya reli, na ana ile draisine, kagari kadogo ka kukagulia njia. Mwite huyo kabla ya mtu mwingine yeyote.

Mdogo wako aliyekukosea,
Lukumani


TELEGRAMU
Kutoka gare ya Ubundu, Alhamisi 9 Mei 1963, saa nne na dakika ishirini asubuhi

JIRANI YUKO NJIANI NA DRAISINE. NGOJA GARE. MADINA


Ubundu, Jumanne 30 Julai 1963, hapa gare

Lukumani,

Leo salamu zitakuja mwisho. Karatasi hii ya juu naiandika sasa hivi, juu ya goti. Zile za chini niliziandika juzi Jumapili, na zinaweza kungoja.

Mwanamke aliyekupa barua anaitwa Florentine. Anauza kwanga, ile mikate ya muhogo, hapa gare. Leo asubuhi alikuja kwangu kuomba chumvi, akakaa chini mlangoni. Anatapika, amechoka kama aliyelima na hajalima, anasikia maumivu katikati ya mabega na kwenye taya, na jasho lake nimeligusa, ni la baridi. Kifua anasema hakimuumi sana. Zaina alikuwa anakuja na kijiko cha mafuta, nikamshika mkono. Wewe na daktari mliniambia pale salle kwamba wanawake wengine hawausikii ule uzito kifuani, wanasikia haya mengine. Treni inaondoka baada ya dakika kumi, kwa hiyo leo hatukuihitaji draisine. Kasongo amekwisha kuwapigia simu. Safi anamsindikiza, na amekatazwa kumwacha atembee.

Safari hii ni jirani kweli. Weka barua chini, mpeleke, kisha urudi usome.

Madina


Ubundu, Jumapili 28 Julai 1963

Mdogo wangu,

Nimejifunza kuandika kinyume, jambo kwanza. Utaona kwa nini.

Pale hospitali hatukuzungumza. Ulikuwa unakaa karibu na kitanda changu, unashika mkono wangu kuhesabu mapigo, na baada ya kuyahesabu huuachi. Mara moja ulilia ukidhani nimesinzia. Sikuwa nimesinzia. Nilifumba macho ili umalize kulia. Sasa niko nyumbani, nimekaa, naweza kusema.

Barua yako ya papa niliipata usiku wa kuamkia Mei. Nilikasirika, Lukumani. Nilikasirika mpaka Safi akaniuliza nani amekufa. Nikaikunja, nikaifunga kwenye pindo la kitenge, nikasema nitamjibu baada ya harusi neno ambalo hatalisahau maisha yake. Neno nilikuwa nalo tayari, na lilikuwa baya.

Alhamisi ile, siku moja kabla ya ndoa, wageni wakaanza kufika. Boti ilikuwa imeleta watu wa Kindu, upande wa Daudi. Saa tatu asubuhi nilikuwa nimekaa kwenye mkeka nachambua mchele, sijabeba kitu wala sijapanda popote, na kikanibana. Nikangoja kiachie. Hakikuachia. Na wageni ndio hao mlangoni. Basi nikafanya nini? Nikainuka, nikawasalimu. Unatujua sisi. Mmoja mmoja, hujambo, na watoto, na mama mkubwa, na safari, na yule mgonjwa wenu alipona, na mimi je, mimi sijambo kabisa, karibuni, karibuni. Watu kumi na mmoja. Jasho linanishuka mgongoni na mimi namuuliza mtu habari za mbuzi wake. Nusu saa ya salamu nilimpa yule aliyenikalia kifuani, na nilikuwa nataka kuendelea, kwa sababu ni aibu gani hiyo, mama wa bibi harusi kuwaacha wakwe wamesimama?

Zaina ndiye aliyeniona uso. Akaniuliza, "Madina, uko na nini?"

Nikafungua mdomo kusema moshi. Nikasema, "Iko kama mutu ananikalia kwa kifua."

Lukumani, haikuwa sauti yangu. Nilimsikia papa. Yale maneno uliyoyaficha miaka miwili yalitoka mdomoni mwangu mbele ya wakwe, na nilijua pale pale ni kitu gani, na kwamba yeye alipewa bikaboneti na mimi nitapewa mafuta. Zaina alikwisha kugeuka. "Ile ni moshi tu. Lete mafuta!"

"Apana," nikamwambia. "Muite Kasongo."

"Leo hakuna treni, Madina."

"Draisine iko. Muite."

Nikakaa chini katikati ya wageni, nikaegemea ukuta, nikawaambia mimi ni mgonjwa wa moyo, naomba radhi. Basi. Lile neno nililoogopa tangu Machi lilichukua muda mfupi kuliko kumsalimu mtu mmoja. Na hakuna aliyenong'ona. Mama yake Daudi alivua kilemba chake akaanza kunipepea.

Kasongo alikuja mbio, kisha akakumbuka kwamba yeye ni chef. "Bon, mama, draisine iko ya kazi ya reli. Haibebe watu."

"Alors, andika kwa buku yako kama umebeba chuma."

Aliniangalia, akacheka, akaacha kucheka, akaenda kupiga simu ili njia iachwe wazi. Wanaume walinibeba na kiti. Safi alitoa godoro lake, godoro jipya la harusi, akalitandika mwenyewe juu ya kale kagari, akaniambia kama nitasema neno moja kuhusu godoro hatasema na mimi tena. Kabla hatujaondoka nikamwomba Kasongo akutumie telegramu. Aliuliza kama "jirani" ni sawa. Nikamwambia andika hivyo hivyo, atanielewa, na akicheka itamsaidia kuvuka mto. Saa nne za njia, mvua kidogo katikati, turubai juu ya kichwa. Nilikuwa naogopa sana. Nilikuwa nasema shahada na nahesabu vituo. Mengine unayajua, maana ulikuwa umesimama kwenye reli yenyewe, si pembeni, na mashine ilibidi ipige honi ukae kando.

Daktari aliniambia kipande kimekufa na sehemu kubwa imebaki hai. Alisema ningengoja treni ya Ijumaa asingekuwa na mtu wa kumwambia. Ni kweli, lakini si draisine peke yake iliyonifikisha. Ni maneno ya papa. Alikupa wewe, ukanipa mimi, kwa kuchelewa, lakini yalifika kama wiki moja kabla ya siku niliyoyahitaji. Kwa hiyo lile neno langu baya nimelitafuta nikupe, na silioni tena.

Na kitu kimoja hukukiona, wewe mwenye kusoma vitabu. Unasema alichosema papa ni yale ya kifuani. Hapana, hayo alisema jioni. Neno la mwisho alilosema ni lile la asubuhi: enda kwa kazi yako, wagonjwa wanakungojea. Alijivunia zile funguo kuliko wewe. Kila mtu aliyepita Tshopo alionyeshwa mwanawe mwenye funguo. Nisingefika katika salle hiyo nikiwa hai kama ungeacha kazi kwa huzuni, na najua ulitaka kuacha, Aziza aliniambia. Basi usijihukumu tena mbele yangu. Mbele ya Mungu mtajuana wenyewe.

Hapa nafuata amri. Vikapu sibebi, wengine wanabeba na mimi nauza. Vidonge viko kwenye pindo la kitenge, pale ilipokuwa barua yako. Nafasi yangu kwenye tanuri haikupewa mtu. Zaina bado anakunywa mafuta yake, ila sasa akisikia mwanamke analalamika kifua anamuuliza kwanza, "Ukikaa kinaachia?" na jibu asipolipenda, wanakuja wote wawili kwangu. Ile ndoa ya Safi na Daudi, tuliyoifunga uani kwako mwezi wa Juni, imekaa vizuri. Godoro lilirudi linanuka mafuta ya mashine, na Daudi analalamika kwamba akilala anaota yuko kazini reli. Safi anamwambia ahame.

Ijumaa hii ni Maulidi. Tutasoma nyumbani, na nimemtaja papa kwenye dua kwa yote aliyosema, ya jioni na ya asubuhi.

Sasa salamu. Hujambo wewe, mdogo wangu? Aziza hajambo? Daktari Mhaiti, wanaendelea kumwita muzungu? Mwenye mtumbwi aliyenivusha, nyumbani kwake wazima? Arthur msalimu, na umwambie samaki ni sita, nimewahesabu mbele ya Kasongo. Huku Safi hajambo, Daudi hajambo, Zaina hajambo.

Na ukitaka kujua hali yangu, mimi dada yako Madina sijambo. Safari hii unaweza kuamini.